Kutotii Katika Ndoa: Somo Kutoka Ngome ya Yesu



Neno “kutii” likitajwa sebuleni, mara nyingi mume huinua kichwa na mke huinamisha chake. Kila mmoja anadhani anajua neno hilo linamhusu nani. Mume anakumbuka somo la Mtakatifu Paulo lililosomwa siku ya harusi, na mke anakumbuka jinsi somo hilo limetumika tangu siku ile. Ndiyo maana mwezi huu tunataka kulitazama neno hili upya, tena kwa upande wake wa pili: kutotii. Nani katika nyumba yetu hatii? Hamtii nani? Na je, kuna wakati ambapo kutotii ni wajibu wa Mkristo?

Ili kujibu maswali haya, tuende pamoja mpaka Mombasa, pale kisiwani, mahali Mji wa Kale unapokutana na bahari. Hapo pamesimama Ngome ya Yesu.

JINA JUU YA MLANGO

Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa amri ya Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia. Aliyeichora ni msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuta zake ni nene, zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na zimeona mengi: Wareno, Waarabu wa Omani, Wamazrui, na Waingereza walioigeuza kuwa gereza kuanzia mwaka 1895. Mwaka 1958 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, baadaye ikawa jumba la makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Waliyoijenga walimpa Bwana wetu heshima ya jina. Waliita Ngome ya Yesu. Lakini ndani ya ngome yenye jina hilo tukufu kulikuwa na mizinga, kulikuwa na dhuluma, na kulikuwa na makapteni walioipenda fedha kuliko watu. Kisha, kwa miaka zaidi ya sitini, palikuwa na minyororo ya wafungwa. Jina halikubadilisha yaliyotendeka ndani.

Wapendwa, nyumba zetu nazo zina jina la Yesu. Picha ya Moyo Mtakatifu iko ukutani, msalaba uko juu ya mlango, rozari inaning’inia kwenye kioo cha gari. Ni vitu vizuri, tusiviondoe. Lakini Bwana mwenyewe alituonya katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, kwamba si kila anayemwita Bwana atauingia ufalme, bali yule anayeyafanya mapenzi ya Baba. Mtu anaweza kukaa miaka ishirini katika ngome ya Yesu bila kumtii Yesu hata siku moja.

YALIYOTOKEA MWAKA 1631

Sasa tusikilize kisa cha kweli kilichotokea ndani ya kuta zile.

Mwaka 1614 Sultani Hassan bin Ahmed, mtawala wa Mombasa, aliuawa baada ya kugombana na kapteni wa Wareno. Mwanawe, Yusuf bin Hassan, alikuwa bado mtoto. Wareno walimchukua wakampeleka Goa, huko India, akalelewa na watawa Waagustino. Akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alipokuwa mtu mzima alirudishwa Mombasa kuwa mfalme. Wareno walidhani wamepata mtu wao.

Lakini kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, hakumheshimu. Alimdharau na kumdhulumu, ingawa alikuwa mfalme na ndugu yake katika imani. Kijana huyu aliyechukuliwa kwao, ambaye baba yake aliuawa, alikuwa na jeraha moyoni ambalo hakuna aliyejali kulitibu. Inasimuliwa kwamba alionekana akisali kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na habari zikamfikia kapteni. Mfalme akaona atakamatwa, naye akatangulia. Katikati ya mwezi wa Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, na mji ukawa mikononi mwake. Aliirudia dini ya baba zake na jina lake la Yusuf.

Wakristo waliokuwa Mombasa walipewa uchaguzi: kuikana imani au kufa. Zaidi ya watu mia moja walikataa kuikana. Walikuwamo mapadre Waagustino, Wareno walei na Waafrika waliobatizwa, wanaume, wanawake na watoto. Hao ndio tunaowaita Mashahidi wa Mombasa, na suala la kuwatangaza wenye heri limo mikononi mwa Kanisa.

Tusikitumie kisa hiki kuwanyooshea kidole jirani zetu Waislamu, ambao tunakaa nao, tunanunua nao mahamri asubuhi na kuzikana nao. Waliotenda dhuluma ya kwanza katika kisa hiki walikuwa Wakristo. Tukitumie kujitazama wenyewe, maana ndani yake kuna watu wa namna tatu, na kila mmoja wao anaishi katika nyumba zetu.

Kwanza, yuko kapteni. Alipewa mamlaka akayafanya mali yake. Alidai kutiiwa, lakini yeye mwenyewe hakuwa anamtii Mungu aliyeamuru haki.

Pili, yuko mfalme. Kwa nje alikuwa mtiifu kwa miaka mingi, lakini utii ule ulipandwa juu ya uchungu. Utii wa namna hiyo hauna mizizi; siku moja hugeuka moto. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kuamini. Nasi tuongeze: wala mtu hawezi kulazimishwa kupenda. Mume anayetiiwa kwa sababu anaogopwa asifurahi. Hajui ni nini kinachochemka chini ya ukimya ule.

Tatu, wako mashahidi. Hawa hawakumtii mfalme. Walivunja amri yake waziwazi, na kwa kuivunja walimtii Mungu. Kumbe kutotii si dhambi kila mara. Swali ni hili: unamkatalia nani, ili umtii nani?

VISINGIZIO VITATU

Biblia Takatifu imejaa habari za watu waliokosa kutii. Ukiwachunguza utaona kwamba karibu wote walikuwa na sababu nzuri. Tuwatazame watatu.

“Ni yeye.” Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, Mungu anamwuliza Adamu kama amekula tunda. Jibu la Adamu linamlaumu mkewe, tena linamlaumu Mungu aliyempa mke huyo. Hawa naye anamlaumu nyoka. Hakuna aliyesema, “Nimekosa.” Je, hatuyasikii maneno haya nyumbani? Mume anarudi usiku wa manane kwa sababu “mke ana kelele”. Mke anakopa kwa siri kwenye simu kwa sababu “mume ni mkono wa birika”. Huenda ni kweli kwamba mke ana kelele na mume ni bahili. Lakini Mungu anapouliza, humwuliza kila mtu juu ya tunda alilolishika kwa mkono wake.

“Nilikuwa na nia njema.” Mfalme Sauli aliamriwa asichukue nyara yoyote. Akabakiza kondoo na ng’ombe walionona, na nabii Samweli alipomwuliza sauti ya mifugo ile ni ya nini, alijibu kwamba ni ya kumtolea Bwana sadaka (1 Sam 15). Samweli akamfundisha kwamba Mungu anapendezwa na utii kuliko dhabihu. Hapa, ndugu zangu, tuwe wakweli. Wako wenzetu ambao harambee ya parokia haiwapiti, majina yao husomwa kwa sauti, lakini dada wa kazi hajalipwa miezi mitatu na mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wako akina mama na akina baba wasiokosa novena wala mkesha, lakini wana juma zima hawajasemezana na mwenzi wao. Mbuzi walionona wanalia nyuma ya nyumba, nasi tunasema ni wa Bwana.

“Tulikubaliana.” Hiki ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu kinafanana sana na upendo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 5, Anania na mkewe Safira waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki kwa Mitume wakidai ndiyo yote. Petro alimweleza Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake na fedha zilikuwa zake. Hakuna aliyemlazimisha kutoa. Kosa lao lilikuwa uongo, na uongo ule waliupanga pamoja, mume na mke, pengine wakinong’ona kitandani.

Tunawahimiza sana wana ndoa wakubaliane. Ni vyema. Lakini kukubaliana si kipimo cha mwisho. Chukua mfano wa familia ambapo ndugu wa mume amefariki na kuacha mjane na watoto wadogo. Kuna ploti, kuna fedha za kazini, na hati ziko mikononi mwa mume kwa sababu yeye ndiye msomi wa ukoo. Usiku mume anamwambia mkewe, “Yule dada ataolewa tena. Mali hii isipotee. Tuiandike kwa jina letu, watoto wetu wanasoma.” Mke anajua kwamba si haki. Lakini naye anaikumbuka karo ya Januari, na hataki ugomvi. Ananyamaza. Asubuhi wanakunywa chai kwa amani kubwa. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na watoto yatima wamenyang’anywa.

Hiyo ndiyo ndoa ya Anania na Safira. Imepatana kabisa, lakini imepatana dhidi ya Mungu.

PETRO ALIMWULIZA SAFIRA PEKE YAKE

Katika habari ile kuna jambo ambalo wengi hulipita. Safira hakuwapo mumewe alipoanguka. Aliingia baada ya muda wa kama saa tatu, bila kujua yaliyotokea. Petro hakumhukumu kwa kosa la mumewe. Alimwuliza yeye binafsi kama kiwanja kiliuzwa kwa bei ile. Kwa nini amwulize, kama jibu la mume latosha kwa wote wawili? Kwa sababu ndoa haimwondolei mtu dhamiri yake. Ninyi ni mwili mmoja, lakini mbele ya kiti cha Mungu kila mmoja ataulizwa peke yake. Mlango ulikuwa wazi kwa Safira. Neno moja la ukweli lingetosha. Yeye akachagua kumtii mume aliyekwisha kufa kuliko kumtii Mungu aliye hai.

Tena angalieni: katika sura hiyohiyo ya 5, mistari michache mbele, Petro huyohuyo anasimama mbele ya Baraza la Wayahudi na kukataa amri ya kunyamaza, akisema kwamba wao wana wajibu wa kumtii Mungu kwanza, kisha wanadamu. Mwinjili Luka ameziweka habari hizi mbili katika sura moja. Mke aliyekubali pale alipopaswa kukataa, na mtume aliyekataa pale alipoamriwa kukubali. Wale mashahidi wa mwaka 1631 walichagua njia ya Petro.

Sisi hatuamriwi kwa upanga. Amri zetu huja kwa sauti laini. Mama mkwe anasema, “Miaka sita bila mtoto! Twende kwa mganga, au mwanangu atafute mwingine.” Rafiki anasema, “Zawadi kidogo tu, na zabuni ni yako.” Wazazi wanasema, “Huyo mimba ataaibisha ukoo, mpelekeni akaitoe.” Hapo ndipo mume na mke wanapohitaji kusimama pamoja kama mashahidi, na kusema kwa heshima lakini bila kutetemeka, “Mama, tunakupenda. Hilo hatuwezi.” Na kama mmoja ameanza kulegea, mwenzake asilegee naye kwa kudhani kwamba huo ndio umoja. Amshike mkono, amrudishe.

JE, MKE ASIMTII MUMEWE?

Baba mmoja anaweza kuuliza: “Basi mnawafundisha wake zetu uasi?” La, hasha. Tunafundisha alichofundisha Mtakatifu Paulo. Kabla hajawaambia wake lolote katika barua kwa Waefeso sura ya 5, mstari wa 21 anawaambia Wakristo wote wanyenyekeane wao kwa wao kwa kumcha Kristo. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya hadhi ya mwanamke, alieleza kwamba katika ndoa unyenyekevu huo ni wa pande zote mbili, si wa mke peke yake. Tena mume anaagizwa ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, na Kristo alilipenda kwa kuutoa uhai wake. Kapteni wa ngome huwatuma wengine wafe kwa ajili yake. Kristo hafanyi hivyo.

Kwa hiyo kumbukeni mambo haya:

Mosi, mambo mengi ya nyumbani si ya dhambi wala ya utakatifu: rangi ya ukuta, shule ipi, likizo twende kwa nani. Hapo sikilizaneni, na anayeshindwa leo asiweke hesabu ya kulipiza kesho.

Pili, mwenzi akikutaka utende dhambi, huna wajibu wa kutii. Una wajibu wa kukataa. Kataa kwa upole, faraghani, bila matusi, lakini kataa.

Tatu, kipigo si mamlaka. Hakuna mahali Kanisa linapomwamuru mke, au mume, akae apigwe mpaka afe ili aitwe mtiifu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kutengana na yule anayehatarisha sana roho au mwili wake au wa watoto. Marehemu Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alikumbusha kwamba mara nyingine kutengana huwa hata lazima, ili kumlinda mnyonge. Anayeishi katika hatari hiyo aende mahali salama kwanza, kisha amwone padre, na vyombo vya sheria pia. Kufanya hivyo si kuuvunja utii kwa Mungu.

Nne, sirini ndiko kutotii kunakozaliwa. Akaunti ya siri, simu ya siri, deni la siri, urafiki wa siri. Kama jambo hulitaki lijulikane na mwenzi wako, jiulize kama ungetaka Petro akuulize juu yake.

MSAADA ULIOCHELEWA

Turudi ngomeni kwa mara nyingine. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu. Ndani walikuwamo Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao. Kuta hazikubomoka. Lakini tauni iliingia, ikawaua watu mmoja mmoja, na meli za msaada kutoka Goa hazikutosha. Moja yao, Santo António de Tanná, ilizama hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Mwezi Desemba 1698, baada ya miezi thelathini na mitatu, walibaki wachache tu wenye kuweza kushika silaha, na Waomani wakaingia. Siku chache baadaye meli nyingine za msaada zilionekana baharini. Zilikuta bendera ya wengine inapepea, zikageuza.

Nabii Yona naye alichelewa kutii, lakini Mungu alimpa nafasi ya pili, na Ninawi ikaokoka. Na katika Mathayo sura ya 21 Bwana anatupa mfano wa mwana aliyekataa kwenda shambani, kisha akajuta akaenda. Huyo ndiye aliyefanya mapenzi ya baba yake. Habari njema, basi, ni kwamba aliyekosa kutii anaweza kugeuka. Lakini ageuke wakati bado kuna mtu ndani ya ngome. Yule mume anayesema ataacha ulevi akistaafu, yule mke atakayesamehe mambo yakitulia, wale wawili watakaowarudishia yatima haki yao wakimaliza kujenga, wafahamu kwamba kuta zinaweza kusimama imara huku walio ndani wanakwisha.

Tendeni leo lililo dogo. Rudisheni hati. Lipeni mshahara wa dada wa kazi. Nendeni kitubio, kila mtu kwa dhambi zake, bila kumsimulia padre dhambi za mwenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Katika kisa cha 1631, ni nani kati ya kapteni, mfalme na mashahidi ninayefanana naye zaidi nyumbani kwangu? Mwenzi wangu angejibuje?
2. Kuna jambo lolote tulilokubaliana ambalo tunajua halimpendezi Mungu? Nani ataanza kulisema?
3. Watoto wetu wanatutii kwa woga au kwa upendo? Tumejuaje?
4. Ni kisingizio kipi kati ya vile vitatu kinachosikika zaidi katika nyumba yetu?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mtii kwa Baba hata kufa msalabani, utupe sisi mume na mke moyo wa kusikiliza. Utupe ujasiri wa kukataa uovu pamoja, na unyenyekevu wa kukiri kosa kila mtu lake. Jina lako lililoandikwa juu ya mlango wetu liwe pia sheria ya nyumba yetu. Amina.

Mungu azibariki ndoa zenu. Tukutane tena mwezi ujao.